Mtutu wa Pili

Nyumbani kwa Papa Armirie hakuna kitu kilicholala kizima. Baiskeli yake ilikaa sebuleni, gurudumu la mbele likiwa chini ya kitanda. Redio ilikuwa juu ya kabati na betri zake ndani ya kopo la unga wa muhogo. Tochi ilikuwa na kichwa huku na mkia kule, na umeme ukikatika wewe ukiwa mgeni wake, ulikaa gizani ukimsikia akipapasa vipande na kuitukana kampuni ya umeme kwa lugha yetu ya Mashi. Watu wa mtaa wetu wa Kadutu, kwenye mteremko ulio chini ya soko, walimcheka sana. Walisema mwizi akiingia kwake itabidi amwamshe mwenyewe ili amsaidie kuunganisha mali.

Tulimwita Papa Armirie kwa sababu ya kazi aliyoifanya jeshini mpaka akastaafu: fundi wa silaha. Jina lake la ubatizo nalijua, ila silitaji hapa, maana wapo wengine wanaolibeba na bado wanaishi mjini. Mimi ni mshonaji. Chumba ninachoshonea kimepakana na ua wake, mbao tu katikati, na tangu nikiwa msichana nilijua kikohozi chake, nyimbo zake za kanisani na namna alivyogomba na mkaa usiowaka. Mke wake alifariki zamani. Nguo zake zote zilinuka mafuta ya mashine, hata shati la Jumapili.

Alikuwa na neno lake moja ambalo mtaa mzima ulilikariri kwa kumwigiza: "Toa kamoja, ulale." Yaani, kila kitu kinachoweza kuumiza au kuibwa, ondoa kipande chake kimoja, kiweke mbali, kisha lala usingizi. Halikuishia kwenye chuma. Jirani mmoja alikuwa na tabia ya kurudi amelewa pombe ya kasiksi na kumpiga mkewe. Jioni moja Papa Armirie aliingia katikati ya kelele, akainama, akamvua yule bwana kiatu cha kushoto na kuondoka nacho. Asubuhi yule bwana alilazimika kuja kukiomba, akiwa hajalewa, mguu mmoja ndani ya kandambili, huku sisi wanawake tukimtazama tangu juu mpaka chini ya mteremko. Alikaa muda mrefu bila kumgusa mkewe. Sisemi aliacha kabisa.

Neno lile lilikuwa na chanzo, nasi tulikisikia mara nyingi kuliko tulivyotaka. Alipokuwa bado kijana, katika kambi moja mbali na hapa, miaka ya uporaji, askari wenye hasira ya kutolipwa walivunja mlango wa stoo yake. Bunduki zote walizikuta nzima, zimepangwa, zimepakwa mafuta. "Nilizipangaka muzuri, mimi mwenyewe, na hii mikono," alisema. Walichofanya nazo siku ile kwenye barabara iliyo chini ya kambi hakukisimulia hata siku moja. Alisema tu kwamba palikuwa na mama aliyekuwa akiuza mikate pale, kisha akageuza mazungumzo.

Katika kambi iliyofuata hakurudia kosa. Kila bunduki aliitoa kipande chake cha kati, akavijaza vipande hivyo ndani ya magunia ya mchele, akavipeleka jikoni kwa masista waliokuwa jirani na kambi. Askari walipovunja stoo kwa mara ya pili waliokota vyuma vitupu. Hapo Papa Armirie alisimama, akaigiza, akajipiga mapaja kwa kicheko: "Banabeba, banakimbia nazo, kisha banavuta... kimya! Banavuta tena... kimya! Zote zimekuwa fimbo!" Na sisi tulicheka naye. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama masista walijua ndani ya mchele wao kulikuwa na nini.

Alizichukia silaha na alizipenda, na sijui kama yeye mwenyewe alijua mpaka uko wapi. Watoto wakicheza vita kwa vijiti, alivichukua vijiti na kuvivunja mbele yao, na aliyelia alipewa kofi. Kwenye sala za shirika letu la kanisa aliombea kila wiki "wale banaguswaka na kazi yangu," kwa maneno hayohayo. Lakini risasi zikilia mlimani, wote tukiwa tumelala chini sakafuni, yeye alikuwa akisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, kisha anasema ile ya tatu inahitaji kusafishwa. Nilimchukia nikimsikia akisema vile.

Baada ya kustaafu alitengeneza makufuli, mizani, na mashine zetu za kushona. Maofisa waliendelea kumjia kimyakimya na bastola zao, maana hapakuwa na mwingine wa kumwamini. Ndivyo nilivyoiona ile bastola. Mashine yangu ilikuwa inaruka mishono, nikampelekea kichwa chake mchana mmoja, nikamkuta na kamanda mmoja aliyevaa kiraia, mnene, mwenye kucheka haraka. Juu ya meza kulikuwa na sanduku dogo jeusi lililo wazi, na ndani yake bastola moja na mitutu miwili, mmoja mpana kidogo kuliko mwenzake, kila mmoja na hifadhi yake ya risasi. Papa Armirie hakunikaribisha. Alikuwa ameweka mikono nyuma ya mgongo kwanza, kama mtu aliyekatazwa kugusa.

"Mwili moja, kano mbili," kamanda aliniambia mimi, kwa kuwa alikosa mwingine wa kujivunia mbele yake. Kano ndilo neno lao la mtutu. "Nikikosa risasi ya huyu, naweka huyu mwingine. Kule Kamituga, risasi haichaguliwake. Unakula yenye iko."

"Hapo unasema kweli," Papa Armirie akasema. Akaichukua sasa, akaigeuza. "Na mukono wako unazoea kitu moja tu. Mushiko ni ileile, uzito ni uleule. Tena haina kupandisha nyundo na kidole. Unavuta, inajipandisha, inapiga. Risasi ikigoma, unavuta tena. Batu benye kuitengeneza banajua kazi, sikatae."

"Unaona?"

"Sijamaliza. Ile mvuto ya kwanza iko nzito, juu ya kuwa inafanya kazi mbili, kupandisha na kupiga. Ya pili na zingine ziko nyepesi. Mutu mwenye woga anajikaza juu ya ile nzito, kisha ile nyepesi inatoka kabla hajaamua. Batu bengi banakufaka na risasi ya pili, chef. Ile yenye mwenye kupiga hakuitaka."

Kamanda akacheka, akasema yeye hana woga.

"Na bunduki ya kalibre moja, ya risasi namna moja, iko na njaa moja. Hii iko na njaa mbili. Siku moja, mu haraka, mu mvua, utaipa chakula ya huyu mwingine, na itakukatalia ama itakupasukia mu mukono. Iko bunduki ya mutu mwenye armirie pembeni. Weye kule hauna armirie pembeni." Akainyanyua ile mitutu miwili, mmoja kila kiganja. "Tena angalia. Mutu akikuta hii kano peke yake, atawaza nini? Atawaza kuna bunduki ingine mahali. Ataitafuta. Na bunduki haiko."

"Nani ataikuta?" kamanda akauliza.

Papa Armirie alichukua kitambaa cha mafuta. Aliisafisha mbele yetu, polepole, na aliporudisha kila kitu ndani ya sanduku nilimwona akigusa kifuniko mara ya mwisho kwa kidole gumba. "Iko kazi nzuri," aliniambia kamanda alipokwisha kushuka. "Mutu alikaa akafikiri. Inaniuma vile iko nzuri." Kisha akaitukana mashine yangu kwa dakika nzima, ili turudi katika hali ya kawaida.

Kisha mji ukabadilisha wakubwa. Wasomaji wa hapa hawahitaji niwasimulie, na wa mbali watanisamehe. Askari waliokuwa wakiondoka waliacha silaha ovyo: kwenye mifereji, ndani ya vyoo, nyuma ya shule. Wengine walivua sare barabarani wakaomba nguo kwa mama yeyote aliyekuwa mlangoni. Waliokuja walitangaza kwamba mwenye silaha ailete, na atakayekutwa nayo asilaumu mtu. Watu walitupa walichokuwa nacho. Ziwa liko pale, ukisimama mlangoni kwa Papa Armirie unaliona lote.

Yule kamanda, hili tulilijua baadaye, alipita kwake amevaa suruali ya michezo, akaacha lile sanduku, akasema atalirudia, akashika njia ya kwenda Walungu. Papa Armirie angeweza kulitupa siku ileile. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakulitupa, naye alinijibu bila kujitetea: "Niliiangalia, nikasema kesho. Kesho yake niliiangalia tena."

Siku chache baadaye alibisha kwenye chumba changu. "Hii mashini yako inalia," akasema. "Inaharibu usingizi yangu. Leta niipake mafuta." Mashine haikuwa ikilia, lakini mafuta ya bure hayakataliwi, na siku zile tulifurahi mtu akitukumbuka kwa jambo dogo. Aliibeba pamoja na kisanduku cha mbao inamokaa, akairudisha alasiri. Ilishona vizuri mno. Nilimpelekea sambaza wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, kwa shukrani, na akala, nikiwa nimeketi mbele yake. Akala wote.

Walikuja kupekua asubuhi, nyumba kwa nyumba. Kwangu hawakuwa wakali. Walipindua magodoro, wakachoma magunia ya nguo kwa vyuma, na walikuwa wakitoka tayari mmoja wao alipoinua mashine yangu na kuipima uzito mkononi. Akaigeuza. Akang'oa ubao wa chini wa kisanduku kwa kisu. Ndani kulikuwa na kitambaa cha buluu, na ndani ya kitambaa kipande kifupi cha bomba la chuma, kinang'aa kwa mafuta.

"Iko ya mashini, bwana," nikamwambia, na niliamini nilichosema.

Akacheka. "Mashini gani ya kushona inapigaka batu?"

Waliuliza mwanamume wa nyumba ni nani. Mdogo wangu Mugisho, mwalimu wa darasa la tatu, mtu ambaye hata kuku wa Noeli ilibidi nimchinjie mimi, alikuwa nyuma akinyoa ndevu. Walimwonyesha kile chuma. "Bunduki ya hii kano iko wapi?" Akasema hajui. Wakamuuliza tena wakimpiga, akasema tena hajui. Walimchukua na sabuni usoni.

Nilipofika kwa Papa Armirie alikuwa uani anaosha sahani. Nilimweleza, nadhani nilikuwa napiga kelele. Aliniuliza swali moja tu.

"Kitambaa ilikuwa rangi gani?"

"Bleu."

Akaweka sahani chini. "Iko yangu," akasema.

Nilimkamata koti kwa mikono miwili nikamtikisa, mtu wa rika la baba yangu. "Juu ya nini kwangu? Juu ya nini ulificha kwangu, Papa?"

"Niliwaza, nani atatafuta silaha kwa mutu wa kushona?"

"Na bakaikuta! Haukuwaza kama batakuta?"

"Kale, kwa masista..." akaanza, kisha akaona uso wangu, akaacha. Nadhani ndipo ile hadithi yake ilipomgeukia, baada ya miaka yote ile ya kujipiga mapaja. Sikuwa na nafasi ya kumhurumia. Nilimwambia wanamuua Mugisho sasa hivi, tukiwa tumesimama hapa.

Alivaa shati la Jumapili. Kutoka darini akashusha mwili wa bastola, kutoka gunia la mkaa akatoa mtutu wa kwanza, na zile hifadhi za risasi zilikuwa ndani ya chungu cha maharage. Nilisimama mlangoni nikitazama bastola ikitoka kidogo kidogo katika nyumba niliyonywea chai tangu utotoni. Akavifunga vyote ndani ya taulo, tukashuka pamoja mpaka kwenye nyumba waliyompeleka Mugisho. Njiani alisema mara moja tu, "Bamutoe Mugisho kwanza. Mbele ya yote, bamutoe."

Mkubwa wao pale alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na sauti ile ndiyo iliyonitisha. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho. Akafungua taulo, akaunganisha bastola na ule mtutu wa kwanza, akaitazama.

"Papa, bunduki yako iko kamili," akasema. "Asante ya kuileta. Ile kano ya kwa huyu mwalimu iko kubwa kuliko hii. Donc, basi, iko ya bunduki ingine. Mwalimu atuonyeshe hiyo ingine."

"Bunduki ingine haiko, chef. Iko hii. Inakulaka ya namna mbili."

"Mutu akipenda kulinda mutoto wa jirani, anaweza kusema hata tatu."

"Niletee ile kano. Nitakuonyesha."

Askari walileta ule mtutu, wakaelekeza bunduki zao kwake, kwa kuwa sasa mzee alikuwa akienda kuunganisha silaha mbele ya mkubwa wao. Mimi nilikuwa nimesukumwa ukutani. Kutoka chumba cha nyuma nilisikia sauti ya Mugisho, sauti isiyo na maneno ndani yake. Kama mtutu ule ungegoma kuingia, au kama kamanda alikuwa amebadilisha kitu tangu siku ile mezani, mdogo wangu asingetoka. Papa Armirie alifuta vidole kwenye shati jeupe. Akaitenganisha bastola, akaweka mtutu wa kwanza kando, akachukua wa pili. Sikuwa nimewahi kumwona akiunganisha kitu mpaka mwisho kisha akakiacha hivyo. Ule mtutu uliingia na kukaa mahali pake bila kusukumwa. Naapa niliona uso wake ukifurahi. Ilikuwa mara moja, haikudumu, lakini niliiona, na mpaka leo sijui nifanye nayo nini.

Yule kijana akaichukua, akavuta ikiwa tupu. Akavuta tena. "Nzito, kisha nyepesi," akasema, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha: "Mwalimu aende. Weye papa, unabaki. Tuko na kazi ya mutu wa mikono kama yako."

Mugisho alitoka akitembea kwa kujishikilia ukutani. Alipita karibu na Papa Armirie, wakatazamana. Mzee akasema, "Mwana wangu." Mugisho hakusimama.

Hatukumwona Papa Armirie msimu mzima wa kiangazi. Habari zake zilitufikia kupitia mama mmoja aliyepika kule. Walimweka kutengeneza bunduki zao mchana kutwa, na walimpa chakula. Lakini asubuhi moja askari walikwenda barabarani na bunduki zisizolia. Mzee alikuwa ametoa kipande kimoja katika kila moja, kama kawaida yake, akavificha kati ya matofali. Yule mama alisema mzee hakuwa na mpango wowote. Alipoulizwa alijibu kwamba vinginevyo hawezi kupata usingizi. Waliweka mikono yake juu ya meza yake mwenyewe ya kazi na kuipiga kwa vitako vya zile bunduki. Halafu, kwa kuwa hakuwa tena na faida, wakamwachia.

Alirudi mvua zilipoanza. Sikwenda kumsalimia wiki ya kwanza, wala ya pili. Nilimsikia ng'ambo ya mbao akikohoa, na redio yake ikisema mfululizo, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Mwishowe nilikwenda kwa sababu ya ile redio. Ilikuwa alasiri. Nilimkuta amekaa kitandani, vidole vimekauka vikielekea kila upande. Gurudumu lilikuwa kwenye baiskeli. Kijana fulani wa shirika alikuwa amelirudisha kwa kumfanyia wema. Tochi ilikuwa nzima. Kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa kizima, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala.

"Maman," akasema, "nitolee mapile ya redio. Mimi siwezi tena, na hii mikono."

Nilizitoa betri. Sauti ikakatika, na kwa mara ya kwanza tukasikia mvua kwenye mabati.

"Niweke wapi? Kwenye unga?"

"Pa mbali. Humu nyumba nitajua ziko wapi, hainisaidie kitu." Akatazama zile mbao zinazotutenganisha. "Lakini uulize mwenye nyumba kwanza."

Nikavuka na zile betri mkononi. Mugisho alikuwa mezani anasahihisha madaftari, ameketi akitazama mlango kama anavyoketi siku hizi, sikio moja lililobaki zima baada ya kile kipigo likiwa upande wa nje. Nikamwambia ni betri za redio tu, na ni nani anayeomba. Aliziangalia muda mrefu. Alinyoosha hata mkono, nikadhani anazipokea, kumbe alikuwa anasogeza daftari.

"Hapana," akasema.

Nikarudi. Papa Armirie alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, na nilipoingia na mkono uleule hakuhitaji kuelezwa. Akainamisha kichwa polepole, kwa kukubali.

"Masista nabo bangesema vile," akasema. "Kama ningebauliza."

Nikazirudisha betri ndani ya redio. Ikaanza pale ilipofika, mtu fulani akisoma bei za maharage, nami nikaketi kando yake kitandani tukaisikiliza mpaka giza lilipoingia.